Sifa za Kidole cha Shahada

Barua ina haki zake. Ya kwanza, ifunguliwe na aliyeandikiwa. Ya pili, aisome mwenyewe kwa mwendo wake, arudie maneno yaliyomgusa, na salamu ndefu aziruke akitaka. Wazee wetu wengi waliokosa shule hawakuionja haki hiyo ya pili. Mjukuu aliitwa, akasoma barua ya mjomba kwa sauti, na nyumba nzima ikajua nani anadaiwa na nani ameposa. Mjukuu mwenye busara alijua pa kupunguza sauti. Asiye na busara alisoma yote. Kwa muda mrefu mtu asiyeona, hata awe profesa, alikuwa katika hali ile ile. Kusomewa ni hisani, na hisani ina mashahidi.

Nukta nundu za Louis Braille zilimfungulia vitabu, lakini kila kitabu kilipaswa kwanza kunakiliwa na mtu mwingine. Ankara ya maji, taarifa ya benki, kadi ya mwaliko na jina lililo nyuma ya bahasha huja kwa wino, na kidole kikipita juu ya wino hugusa karatasi laini tu.

Jaribio la kwanza kubwa la kuuvuka ukuta huo wa wino lilipitia sikioni. Katika miaka ya 1910 mwanafizikia Edmund Fournier d'Albe, aliyekuwa Birmingham, Uingereza, alitengeneza optofoni, mashine iliyogeuza maumbo ya herufi kuwa sauti za muziki. Mary Jameson, msichana asiyeona, aliionyesha hadharani mwaka 1918 akisoma karibu neno moja kwa dakika. Hakukata tamaa. Mashine ilipoboreshwa alifikia maneno 60 kwa dakika, akaendelea kuitumia kwa miaka mingi. Walimwengu waliistaajabia mashine, ingawa kazi kubwa ilifanywa na sikio lake.

Kidole kilipata zamu yake baadaye. John Linvill alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na binti yake Candy alikuwa amepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni. Mkewe, Marjorie, alitumia saa nyingi kumnakilia vitabu kwa nukta nundu. Mwaka 1962, akiwa Ujerumani, Linvill aliona katika maabara moja ya IBM printa iliyochapa herufi kwa pini ndogo zinazogonga karatasi. Akawaza kwamba kidole kikiwekwa mahali pa karatasi, kitazitambua herufi hizo. Alishirikiana na James Bliss wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, na mwaka 1971 chombo kilichoitwa Optacon kikaanza kuuzwa.

Tumtazame msomaji wake akiwa kazini. Mkono wa kulia umeshika kamera ndogo yenye magurudumu, inayoteleza juu ya mstari. Mkono wa kushoto umeingia ndani ya chombo, na kidole cha shahada kimetulia juu ya pini 144, zilizopangwa safu 24 za pini sita sita. Kamera inapokutana na wino, pini za mahali hapo hutetemeka mara 230 hivi kwa sekunde. Mtetemo ni wa lazima, kwa kuwa ngozi husahau upesi kitu kisichosogea. Herufi “o” ikipita kamerani, duara linapita kidoleni. Herufi “l” ni kijiti kimesimama. Dirisha la kamera hubeba takriban herufi moja tu, hivyo kusoma huko ni kama kutazama msafara wa harusi kupitia ufa wa mlango: wapitao huonekana mmoja mmoja, na ni juu yako kuwaunganisha.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Aliyekulia katika nukta nundu alipaswa kujifunza alfabeti mpya kabisa, akutane kwa mara ya kwanza na mkia wa “g” na kofia ya “T”. Ilimpasa kuuongoza mkono wa kulia usipande wala kushuka kutoka kwenye mstari, huku kidole cha kushoto kikibaki kimetulia. Kulikuwa na kidhibiti cha kukuza herufi na kingine cha kupambanua wino hafifu na karatasi chafu. Mafunzo yalichukua siku nyingi, na wengi walisoma polepole kuliko walivyosoma nukta nundu. Ila waliovumilia husimulia kwamba hufika wakati pini husahaulika, likabaki neno.

Mwandiko wa mkono ulikuwa mtihani wa juu zaidi. Herufi za chapa hufanana popote, lakini mwandiko hufuata tabia ya mwenye mkono. Herufi zimeshikana, mstari unapanda kuelekea pembeni, na kistari cha “t” kimepigwa mbali na shina lake. Msomaji alirudisha kamera, akakuza herufi, akajaribu tena, akakisia neno kutokana na jirani zake. Kwa ujira wa taabu hiyo alipata jambo ambalo hakuna msomaji wa kuazima angeweza kumpa: alijua kwamba rafiki yake huandika kwa herufi kubwa zenye madaha, au kwamba neno fulani lilikatwa na jingine likaandikwa juu yake. Mjukuu anayesoma kwa sauti huliruka neno lililokatwa, ilhali mara nyingine ndilo lenye habari yote.

Ninachokisifia zaidi chombo hicho ni kwamba hakikujua kusoma. Hakikuwa na kamusi wala lugha. Kilichukua umbo na kulifikisha kidoleni, basi. Kwa sababu hiyo Kiswahili, Kijapani, hesabu na noti za muziki vyote vilipita katika mlango mmoja, mradi mwenye kidole anazijua alama zake. Kwa lenzi maalumu, watu walisoma hata skrini za kompyuta, na wasioona wakafanya kazi ya kuandika programu.

Mwaka 1976 Ray Kurzweil alileta mashine iliyosoma maandishi ya chapa kwa sauti. Mashine za namna hiyo zikazidi kuwa nafuu, na mwaka 1996 utengenezaji wa Optacon ukakoma. Leo simu ya mkononi husoma ankara kwa sekunde chache. Hiyo ni neema, na anayeibeza hajawahi kutafuta mtu wa kumsomea barua ya benki. Lakini simu inayosoma kwa sauti ni mjukuu mpya, mwepesi na mtiifu, naye pia huamua. Mwandiko ukimshinda hubuni au huruka, na anayesikiliza hana njia ya kuona palipoharibika.

Sasa vinatengenezwa vibao vya kugusa vyenye pini zaidi ya elfu mbili, vinavyoonyesha ramani na michoro chini ya viganja vyote viwili. Wanaovibuni wanashughulika zaidi na nukta nundu na picha za masomoni, na ni kazi njema. Waongeze jambo moja dogo: msomaji akitaka, apewe ukurasa wenyewe jinsi ulivyo, pamoja na mwandiko mbaya, sahihi na neno lililokatwa. Sauti imwambie barua inasema nini, na kidole kiwe na haki ya kuhakiki. Candy Linvill alipokuwa akisoma kwa Optacon, hakuna aliyekuwa kati yake na karatasi. Kipimo hicho kiliwekwa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na chombo kipya kisichokifikia bado kina deni.