Asidi, Kuvu na Vimeng'enya: Uhakiki wa Kitenzi "Kuzalisha" katika Maandishi ya Sayansi

Maandishi ya Kiswahili yanayoeleza kuvu zinazooteshwa yana mazoea ya kudai kwamba asidi ikizidi "uzalishaji wa vimeng'enya hupungua". Kauli hiyo ni fupi na inasomeka vizuri, ila haimfikishi msomaji popote. Kasoro yake si uhaba wa istilahi, lalamiko linalosikika mno katika mikutano ya Kiswahili. Kasoro ni kitenzi kimoja kubebeshwa matukio matatu: kuvu kuunda kimeng'enya ndani ya seli, kukitoa nje, na kimeng'enya chenyewe kutenda kazi. Matukio hayo hayaathiriwi na asidi kwa namna moja.

Istilahi yenyewe haina ubaya. "Kimeng'enya" kimetokana na kumeng'enya, na kuvu humeng'enya chakula chake nje ya mwili: humwaga vimeng'enya juu ya gogo au nafaka, kisha hufyonza kilicholainika. (Neno hilo linavitosha kwa shida vimeng'enya vinavyojenga badala ya kuvunja, lakini huo ni mjadala mwingine.)

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa Aspergillus nidulans. Mwaka 1986 Caddick, Brownlee na Arst walionyesha kwamba kiwango cha asidi katika maji ya kuoteshea huamua ni jeni zipi zitumike. Katika asidi, kuvu hiyo huunda fosfatasi inayofaa asidi; katika alkali huunda nyingine inayofaa alkali. Basi dai kwamba asidi hupunguza uzalishaji ni kweli kwa kimeng'enya kimoja na ni uongo kwa mwenzake, hali kuvu ni ile ile.

Aspergillus niger inatatiza zaidi. Viwanda vinavyoitumia kupata asidi ya sitriki huiacha katika asidi kali, chini ya pH 3. Katika hali hiyo glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachogeuza sukari kuwa asidi ya glukoni, hakifui dafu: hata kile kilichokwisha kuundwa huharibika. Anayeitaka asidi ya glukoni hana budi kuzuia asidi isipande. Kuiita hali hiyo "kupungua kwa uzalishaji" ni kuchanganya kutozaliwa na kufa.

Tena, maandishi haya huichukulia asidi kama hali ya hewa, kitu kinachoijia kuvu kutoka nje. Kuvu iliyolishwa chumvi za amonia huongeza asidi yenyewe kadiri inavyokula. Iliyolishwa nitrati kwa kawaida huipunguza. Jaribio lisilodhibiti pH tangu mwanzo hadi mwisho haliwezi kutenganisha sababu na matokeo, na mwandishi anayelisimulia bila kutaja udhibiti huo anamnyima msomaji nafasi ya kulipima.

Maneno "asidi kidogo" na "uchachu kiasi" nayo hayasaidii. Sørensen alibuni kipimo cha pH mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, akiwa anachunguza vimeng'enya, kwa sababu maneno ya namna hiyo hayakutosha. Kutoka pH 5 hadi pH 4 asidi huongezeka mara kumi. "Kidogo" hakuwezi kubeba tofauti hiyo.

Anayeumia ni mkulima wa uyoga. Maelekezo humwagiza aloweke majani makavu ya mpunga katika maji ya chokaa, yakanyamaza kuhusu sababu. Akiwa amesoma kwamba asidi hupunguza vimeng'enya, atadhani chokaa ni mbolea ya vimeng'enya, na ataizidisha. Kumbe chokaa huwekwa hasa kuzizuia kuvu shindani, kama Trichoderma, ambazo hustawi katika asidi. Uyoga wa Pleurotus huvumilia mwanzo huo wa alkali, kisha huishusha pH wenyewe unapotanda. Maelekezo yangetofautisha kuunda, kutoa na kutenda, na kutaja pH kwa tarakimu, mkulima angejua chokaa inamfanyia kazi gani na akomee wapi.