Tanzia ya Kinjeketile katika Uwanda wa Makonde

Imekuwa desturi kudhani kwamba mchezo unaochezwa kwa ajili ya kukusanya fedha za hisani hauna budi kuwa wa kuchekesha, kwa sababu mtu aliyefurahi huufungua mkono wake upesi. Dhana hiyo haijapimwa vya kutosha kwa tanzia. Yafaa ipimwe mahali ambapo haja ya watu na maudhui ya mchezo hukutana katika neno moja. Neno lenyewe ni maji. Mchezo ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969. Na mahali ni Chilangala, wilayani Newala, ambako kikundi cha kijiji kingeweza kuucheza ili kuchangia kisima au bomba.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya mchanga unaofyonza mvua, wala hauna mito juu yake. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni wakapanda na maji kichwani, na mradi wa mabomba ulioanzishwa katika miaka ya 1950 uliipunguza taabu hiyo bila ya kuimaliza. Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika hadithi ya wenyeji juu ya mtu wa kwanza, aliyechonga sanamu ya mti ikageuka kuwa mke wake. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na mto, hakuishi. Aliyeishi ni yule wa tatu, aliyezaliwa juu uwandani. Basi hadhira ya Chilangala ina urithi ambao hadhira ya Dar es Salaam haina: kwake maji ni kitu cha kutafutwa, na pia cha kuogopwa.

Kinjeketile wa mchezo huingia majini akatoka mkavu, kisha akawapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Lakini Hussein hakuandika kisa cha dawa iliyoshindwa tu. Tanzia yake imo katika lugha. Neno lililotamkwa ili kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali limekwisha kuwa mali ya waliolipokea, na aliyelitamka hawezi tena kulirudisha. Anapotambua kwamba ahadi ya Hongo ingewafanya kuwa watoto wa Seyyid Said, yeye husita. Watu wake hawasiti. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo, naye anakataa. Msomaji anayeona hapo kasoro ya mantiki huwa ameyasoma maji kama dawa peke yake. Kulikana neno wakati ule kungekuwa ni kuikana pia haki ya kupigana.

Ingewezekana kuchagua Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971. Mchezo huo nao huanza na watu wenye dhiki wakimwomba mtawala wao msaada. Lakini huko uchafu umo kwa mtu mmoja, na mji hutakaswa kwa kumtoa. Katika Kinjeketile hakuna wa kutolewa, kwa maana kila aliyeyapokea maji ni mshiriki. Hili ndilo linaloufanya ufae zaidi kwa kazi ya kuchangiana. Wala hali ya Kinjeketile anapopandwa na Hongo haitakuwa ngeni kwa watu wanaoijua ngoma ya midimu, ambamo mchezaji aliyevaa kinyago hahesabiwi tena kuwa jirani yao.

Historia ya upande huo inadai uangalifu. Misheni ya Masasi, chini ya uwanda, iliteketezwa mwaka 1905, lakini si viongozi wote wa nchi ile walioyapokea maji. Neno “sisi” la mchezo huu halina budi kutamkwa huko kwa mashaka kidogo. Mwigizaji atakayelitamka kwa sauti ya mkutano wa hadhara ataliharibu.

Limebaki suala la fedha, ambalo wahakiki hulidharau bure. Mchangishaji akisimama na kisanduku chake mara baada ya onyesho la mwisho, akaeleza maana ya maji, tanzia imekwisha kuwa tangazo. Ngomani kuna desturi ya kutuza, ambapo mtazamaji huingia uwanjani na fedha yake wakati mchezo ukiendelea. Desturi hiyo itumiwe, lakini ipewe mahali pake, yaani pale wapiganaji wanapopewa maji. Atakayetoa wakati huo atakuwa ametoa kwa kuiamini ahadi, sawasawa na wapiganaji wale, na atatazama sehemu iliyobaki akiwa ndani ya safu yao. Kikundi kitakachothubutu kufanya hivyo kitakuwa kimejifunga. Hesabu ya fedha isomwe palepale uwanjani, na ya kisima isomwe baadaye mbele ya watu walewale, kwa maana watakuwa wamekwisha kuona maneno ya mtoa maji yalivyoishia.