Shiraz ya mizabibu mizee kwenye sahani ya Luena

Wandugu, naanza na hukumu, ili mwenye haraka aende zake. Shiraz ya mizabibu mizee ni divai nzuri kweli, na rafiki yake wa karibu ni michopo ya mbuzi. Lakini yale maneno ya "biodinamiki" yaliyoandikwa kwenye etiketi hayajanishawishi. Mwenye kutaka sababu, tukae pamoja.

Chupa yenyewe ilitoka Afrika Kusini, ikapita Kasumbalesa, ikauzwa Lubumbashi kwa dola 38, rafiki akaileta hadi huku Luena. Dola 38 kwetu inakaribia bei ya mbuzi. Kitu cha bei ya mbuzi lazima kiulizwe maswali.

Kwanza jina. Shiraz na Syrah ni zabibu ileile. Watu wanapenda kusimulia kwamba ilitoka mji wa Shiraz kule Iran. Hadithi tamu, lakini vipimo vya DNA vya mwisho wa miaka ya 1990 viliimaliza: wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki ya Ufaransa. Ile harufu yake ya pilipili manga nayo ina jina, rotundone. Watafiti wa Australia njo waliitambua mwaka 2008, na katika majaribio yao karibu mtu 1 kati ya 5 hakuisikia kabisa. Basi mtu akikuambia "unasikia pilipili?" na wewe husikii kitu, usidanganye ili uonekane msomi. Pengine ni pua yako tu ilivyoumbwa.

Pili, uzee. Mzabibu ukizeeka unazaa kidogo, na wakulima wengi wanasema zabibu zake zinakuwa na ladha nzito zaidi. Shida ni kwamba katika nchi nyingi sheria haisemi "mzee" ni miaka mingapi. Kule Barossa, Australia, walijiwekea ngazi mwaka 2009: miaka 35, 70, 100, na 125. Huko Langmeil kuna mizabibu ya Shiraz iliyopandwa 1843 na ingali inazaa. Afrika Kusini nao wana mradi wa Old Vine Project, unaotoa muhuri kwa mashamba ya miaka 35 na zaidi, na muhuri unaonyesha mwaka wa kupanda. Hapo ndipo pa kutazama. Chupa yetu iliandika "mizabibu mizee" bila mwaka, bila muhuri. Nimeikata alama. Mtu akisema ana diploma, tunaomba kuona karatasi.

Tatu, biodinamiki, na hapa nitakaa kidogo. Mambo haya yalianza mwaka 1924, Rudolf Steiner alipotoa mihadhara kwa wakulima kule Koberwitz, ambako leo ni Poland. Kanuni zake zinakataza mbolea na dawa za kiwandani, zinataka mboji na mifugo shambani. Mpaka hapo, hakuna mtu wa agronomi atakayepinga. Halafu inakuja pembe ya ng'ombe: unaijaza mavi ya ng'ombe, unaizika wakati wa baridi, unaifukua baridi ikiisha, unakoroga kiasi kidogo ndani ya maji kwa saa nzima, unanyunyizia shamba. Kazi nyingine zinapangwa kwa kufuata mwezi na nyota.

Je, pembe inaongeza kitu juu ya kilimo cha kawaida kisicho na kemikali? Kuna utafiti uliochapishwa 2005 juu ya shamba la Merlot kule California. Walilinganisha sehemu za biodinamiki na sehemu za kilimo hai cha kawaida. Kwa miaka 6 ya kwanza hawakuona tofauti katika ubora wa udongo. Pia jiulizeni: pembe inazikwa majira ya baridi, na sisi baridi hiyo tutaitoa wapi? Kule Dodoma, Tanzania, mzabibu haulali, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kalenda ya Koberwitz ikifika huko inapotea njia.

Lakini kinachonichoma ni kitu kingine. Nkambo wangu alikuwa anatazama mwezi kabla ya kupanda mahindi. Sisi wa fakulte tulimcheka. Leo mambo ya mwezi yakiandikwa kwa herufi za dhahabu nyuma ya chupa, walewale waliomcheka wanatikisa kichwa kwa heshima na kutoa dola 38. Siombi tumwamini nkambo kwa sababu ni wetu. Naomba kipimo kiwe kimoja. Kama tunadai ushahidi kwa mama wa shamba la Luena, tuudai pia kwa mwenye shamba la Stellenbosch. Na kama mzungu wa divai tunampa nafasi ya kujieleza, mama naye apewe.

Sasa chakula. Etiketi ilipendekeza kondoo wa kuoka na jibini lililokomaa. Asante, jibini hatuna. Tulijaribu na vyetu.

Michopo ya mbuzi: alama za juu. Mafuta ya nyama yanalainisha tanini, ile hali ya kukausha ulimi sawa na ndizi mbichi, na moshi wa makala unaelewana na harufu ya pilipili manga. Ila pilipili ya kusaga weka kidogo tu. Divai hii ina alkoholi ya asilimia 14.5, na alkoholi inaongeza moto mdomoni.

Sombe ya mafuta ya ngazi na karanga: ilinishangaza. Uzito wa mafuta unabeba uzito wa divai, na bukari inasafisha mdomo katikati.

Samaki ya moshi kutoka Bukama: hapana. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba chuma iliyomo ndani ya divai njo inaleta ile ladha mbaya ya samaki. Nilisikia sawa vile nalamba msumari. Kwa samaki bakieni na munkoyo, ule uchachu wake unafaa vizuri zaidi.

Jambo la mwisho: joto. Vitabu vinasema divai nyekundu inywewe kwenye joto la chumba, lakini hicho ni chumba cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Chumba cha Luena kinapita hapo. Funga chupa na kitambaa kilicholowa, iweke penye upepo nusu saa hivi. Bila hivyo utasikia alkoholi peke yake, halafu utasema divai ni mbaya.

Kwa hiyo: ladha, 8 juu ya 10. Ukweli wa etiketi, 4 juu ya 10. Mkichanga watu sita kwa siku ya kutetea tezi la mwenzenu, nunueni, na mbuzi awepo. Lakini muulize muuzaji mizabibu ilipandwa mwaka gani. Akijibu kwa hadithi ya mwezi, mrudishie chupa yake, mununue mbuzi wa pili.