Sigma na Herufi Mbili

Bakteria *Escherichia coli*, anayeishi utumboni mwetu, ana DNA yenye jozi za herufi zipatazo milioni 4.6. Kimeng'enya kinachonakili jeni zake kuwa RNA, yaani polimerasi, kinaweza kuandika, lakini kikiwa peke yake hakijui pa kuanzia. Kinachokielekeza ni protini ndogo inayojiunga nacho, sigma, iliyotambuliwa mwaka 1969 na Richard Burgess, Andrew Travers na wenzao.

Sigma hutafuta alama mbili. TTGACA iko kama herufi 35 kabla ya mwanzo wa unakili, TATAAT kama 10. Ile ya mbali husomwa DNA ikiwa bado imejisokota: kipande cha sigma huzama katika mfereji wa DNA na kupapasa kingo za herufi.

Ya karibu ndiyo inayonivutia kila ninapoifikiria. Mwaka 2011 Andrey Feklistov na Seth Darst, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, walionyesha umbo lake. Herufi ya pili, A, na ya sita, T, zimechomolewa kabisa kutoka kwenye safu ya uzi wao, na kila moja imetua katika kishimo cha sigma kilicho saizi yake, kama kete kwenye bao. Yaani sigma haisomi kwanza ndipo ifungue. Inasoma kwa kufungua! Wala haihitaji kuchoma ATP, molekuli ya nishati ya seli. Nguvu yote inatoka katika kushikana kwenyewe. Na A na T zimewekwa hapo kwa sababu nzuri: hushikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, ilhali G na C zina vitatu.

Karibu hakuna jeni ya bakteria huyu yenye alama zote mbili kamili, nami naona huo ni ustadi mkubwa zaidi. Alama zikiwa kamili mshiko huzidi, na mshiko ukizidi, polimerasi haiondoki. Hata katika hali ya kawaida hutunga vipande vifupi vya RNA na kuvitupa, ikivuta DNA ndani huku yenyewe imesimama palepale, mpaka RNA irefuke na kusukuma kando kidole cha sigma kilichoziba njia ya kutokea. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kazi yake kabla ya hapo: hujikita kwenye njia hiyohiyo, na RNA hukwama ikiwa na herufi mbili au tatu tu.