Hongera, Wafungaji wa Bento

Alfajiri, katika jiko la nyumba ya Kijapani, kuna mtu anaupepea wali. Si madaha: wali ukifunikwa ungali moto, mvuke hugeuka maji, na chakula huweza kuchacha kabla ya adhuhuri. Bento, kisanduku cha chakula cha mchana, huanzia hapo. Kisha huja yai lililokunjwa tabaka kwa tabaka, kipande cha samaki, mboga. Vyote vimebanana visitikisike njiani. Ipo pia bento ya hinomaru: wali mweupe na umeboshi moja katikati, tunda jekundu lenye ukali na chumvi, mfano wa bendera ya Japani. Hiyo, kwangu, inazishinda zote zilizopambwa nyuso za katuni. Hongera zenu, wafungaji. Kisanduku kikirudi kitupu jioni, mmeshinda.