Ngoma Isiyopayuka

Nilipata kumtazama mpiga drams mmoja, mzee wa Unguja, akichagua snea, ile ngoma fupi yenye nyuzi za chuma zilizotandazwa chini ya ngozi yake, na katika uchaguzi ule nikaona maarifa ambayo siku hizi hayatafutwi tena. Ziliwekwa ngoma tatu mbele yake, naye hakuomba fimbo. Aliipakata kila moja mapajani, akavuta kishikizo cha ubavuni ili nyuzi ziilalie ngozi ya chini, kisha akaigusa kwa ukucha karibu kabisa na ukingo, mguso hafifu kama wa mtu abishaye hodi mlangoni pa mgonjwa, huku amelitega sikio. Ngoma mbili zilitoa mlio mkavu wa ngozi tupu, nyuzi zao zisijue kwamba zimeitwa. Ya tatu ikaitika papo hapo, nyuzi zikinong'ona pamoja na ngozi. Akaichukua hiyo, wala hakuuliza inavuma kiasi gani ikichapwa.

Aghalabu watu hudhani kwamba ngoma ndogo ndiyo ngoma pole, ilhali snea ya shaba yenye kimo cha inchi 3, ikikazwa sana, hutoa mlio wa kupasua masikio. Aliyoichagua mzee ilikuwa ya kawaida kwa upana, inchi 14, na kimo chake inchi 5. Lakini mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba, ambayo aghalabu huipunguzia sauti makali yale ya shaba, na nyuzi zake zilikuwa 12 badala ya 20 zilizozoeleka. Ngozi ya juu ilikuwa ya plastiki iliyopakwa rangi nyeupe yenye kukwaruza kidogo, kwani juu ya ngozi nyororo brashi za waya huteleza bila kusema neno. Hapo ndipo ulipo utamu wa fani hii: mkono wa kushoto unazungusha brashi pasi na kuinuka, ukitoa pumzi ndefu isiyokatika, na wa kulia unadondosha mapigo juu ya pumzi hiyo, laini, kila moja mahali pake. Wenye santuri ya mpiga piano Ahmad Jamal iliyorekodiwa katika hoteli ya Pershing, Chicago, mwaka 1958, wanajua jinsi mpiga drams wake, Vernel Fournier, alivyoushika mwendo wote mikononi mwake bila kuifunika piano hata mara moja.

Adabu hiyo haikuwa ngeni kwetu. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake za chokaa hazimezi sauti bali huirudisha. Basi wapigaji wa dumbak na rika, zile ngoma za mkono, katika taarabu ya zamani walijifunza kuupima mkono wao kwa chumba, wakauacha udi usikike na mwimbaji asilazimike kupaza sauti.

Leo mambo yamegeuka. Kijana huinunua snea kwa sababu inang'aa na inapiga mshindo, akaileta katika ukumbi wa watu thelathini. Wasikilizaji wakikunja nyuso, huibandika utepe wa gundi na kuitandika kitambaa, hata ngoma ikawa haina kelele wala haina sauti. Fauka ya hayo, huiwekea kipaza sauti, ili kile alichokiziba kwa mkono mmoja akikuze kwa mkono wa pili! Laiti angaliigusa kwanza kwa ukucha, angalijua kwamba upole hautiwi ndani ya ngoma kwa kuizima, bali huchaguliwa tangu dukani na kulindwa na mkono wenye kusikia.

Na hasara haimpati mpigaji peke yake. Ngoma ikipayuka, udi hutiwa umeme ili usipotee, fidla hufuata, na mwimbaji hupiga kelele kama ala hizo. Mwishowe mshairi aliyekesha akiyapanga maneno yake kwa vina na mizani huketi miongoni mwa waalikwa, akaliona shairi lake likiimbwa na asilisikie.