Hakuna Anayeogelea

Tarehe 7 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, Talisa Lanoe aliiwakilisha Kenya katika mchujo wa mita 100 za kuogelea chali, upande wa wanawake. Hakuingia nusu fainali. Siku iliyofuata Katinka Hosszú wa Hungaria akachukua dhahabu kwa sekunde 58.45. Kenya ilirudi nyumbani na medali 13, zote za riadha, na sisi tukaendelea na mazungumzo yetu: marathoni, mita 1,500, na ile kashfa ya sare za wachezaji. Jina la Lanoe likabaki kwenye karatasi ya matokeo.

Nataka kuisoma karatasi hiyo jinsi mhakiki anavyosoma hadithi. Nikiiweka kando ya hadithi za ziwa letu, hizi zinazosimuliwa kuanzia Kendu Bay mpaka Muhuru, naona kitu ambacho hatukisemi. Hadithi zetu zimejaa wanawake na maji, ila katika zote ninazozijua hakuna mwanamke anayeogelea.

Hebu tuzihesabu. Gwassi, pale Nyandiwa, kuna Nyamgondho wuod Ombare. Maskini huyu alitega samaki, akavua kizee cha kike. Akamchukua nyumbani, na kizee kikaja na baraka: ng'ombe wakajaa boma. Nyamgondho akatajirika, akalewa, akamtukana mke aliyetoka majini. Mama akainuka, akarudi ziwani kwa miguu yake, na mifugo yote ikamfuata. Mume akabaki ufuoni ameegemea fimbo mpaka akageuka, wengine husema jiwe, wengine mti.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, kijiji kilichozama. Hapa pia ni kizee cha kike. Alifika usiku watu wakiwa kwenye sherehe, akaomba mahali pa kulala, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamsitiri. Maji yakaja yakameza kijiji, na leo mgeni huoneshwa ziwa dogo la kijani na kuambiwa, hapa palikuwa na watu.

Ya tatu imeandikwa. Ni “The Rain Came” ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder. Chifu Labong'o anaambiwa kwamba mvua haitanyesha mpaka bintiye Oganda atolewe kwa mnyama wa ziwani. Oganda anatembea kuelekea ziwani, watu wakimsindikiza kwa furaha kama bibi harusi. Mwishoni Osinda, mpenzi wake, anamwokoa, wanatoroka, na mvua inanyesha.

Kwa hiyo kwenye hadithi hizi mwanamke ana kazi tatu majini: kuleta mali, kulipiza kisasi, au kuwa kafara. Zote ni kazi za watu wengine. Hata Ogot, ambaye kwangu ndiye jasiri kuliko wote kwa sababu alimwacha msichana aishi, hakumwacha aguse maji. Oganda anaokolewa kabla ya wimbi, na anaokolewa na mwanamume. Sisemi hadithi hizi ni mbaya. Nazipenda, na ningechagua Nyamgondho kuliko riwaya nyingi za mjini. Ninachosema ni kwamba zimetufundisha kumtazama mwanamke majini kwa jicho moja tu: kama yuko humo, basi kuna jambo kubwa, la neema au la msiba.

Sasa turudi Rio, kwa sababu kuogelea chali ni kinyume kabisa cha jambo kubwa. Mwogeleaji haruki kutoka juu kama wenzake. Anaanzia majini, mikono imeshika vishikio, miguu imekanyaga ukuta, mwili umejikunja. Mwaka ule ndio waogeleaji wa Olimpiki walipata kwa mara ya kwanza kile kibao kidogo cha kuzuia nyayo zisiteleze. Mlio wa kuanza unasikika, anajirusha kinyumenyume. Anaruhusiwa kwenda chini ya maji mita 15 tu, halafu lazima kichwa kiwe kimetokeza. Kutoka hapo haoni anakokwenda. Anaona dari. Mita 5 kabla ya ukuta kuna bendera zimetundikwa juu ya bwawa. Akiziona anaanza kuhesabu mikono, kwa sababu ukuta wenyewe hauoni. Akikosea hesabu, atagonga kichwa au atapoteza muda. Mbio nzima ni ya mtu anayeamini mazoezi yake kuliko macho yake.

Lugha yetu hailitendei haki pozi hilo. Chali, kwa Kiswahili, ni neno la walioshindwa. Mpiganaji huangushwa chali. Mende hufa chali. Na kwa Sheng, kama unavyojua, chali ni kijana wa kiume, ati “chali yangu”. Mwandishi wa michezo akiandika “wanawake chali” tayari watu wanacheka. Dholuo kina bahati zaidi: tunasema goyo abal, na goyo ni kupiga, vile unavyopiga mpira. Ndani ya neno hilo kuna mtu anayefanya kitu. Hajalala.

Kurasa zetu za michezo nazo zina jicho moja, ila la aina nyingine: medali. Mwaka ule timu yetu nzima ya uogeleaji ilikuwa watu wawili, Lanoe na Hamdan Bayusuf, na wote wawili waliogelea mita 100 chali. Walipata nafasi za mwaliko, zile ambazo shirikisho la kimataifa huzipa nchi zisizo na waogeleaji waliofikisha muda unaotakiwa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Kuna wanaodharau nafasi hizo, wanaziita za kusindikiza. Mimi nauliza: kusindikiza nani? Mchujo una hadithi yake. Ni dakika moja na kitu ya mtu anayejua hatashinda, na bado anahesabu mikono yake kutoka kwenye bendera kwa uangalifu uleule wa bingwa.

Kwenye mbio hizo hizo za Rio alikuwemo Fu Yuanhui wa Uchina. Alipata shaba, sawasawa kwa muda na Kylie Masse wa Kanada. Siku chache baadaye, baada ya mbio za kupokezana ambapo Uchina ilimaliza ya nne, aliambia televisheni kwamba hedhi yake ilikuwa imeanza jana yake na alikuwa amechoka. Dunia nzima ikashtuka. Nikisoma sentensi hiyo kama mtu wa hadithi za ziwa, naona ndiyo iliyokosekana. Hapa kuna mwanamke majini ambaye si jini wala kafara. Ana tumbo linalouma, ana wenzake watatu anaohisi amewaangusha, na jana yake ilikuwa vile ilivyokuwa. Ogot angejua la kufanya na mhusika kama huyo.

Mtu ataniambia, wewe ni mhakiki, haya ya fasihi yanahusu nini wasichana wa Sori na Mbita? Yanawahusu sana. Nani yuko majini kila siku kwenye fuo za Migori na Homa Bay? Ni wanawake na wasichana: wanateka maji, wanafua, wanaosha vyombo, wanapokea omena kutoka kwenye mashua. Wavulana ndio wanaovua nguo na kuruka. Msichana akiruka ataitwa arudi, na ataitwa kwa hadithi: kuna kitu humo ndani, kitakuchukua. Hadithi ya kumlinda inamwacha akiwa na maji magotini miaka yote, bila kujua la kufanya siku yatakapofika kifuani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Na jambo la kwanza anayefundishwa kujiokoa huambiwa ni kulala chali, kidevu juu, apumue, aache maji yambebe. Pozi la walioshindwa ndilo linalomweka mtu hai. Mtaala mpya umeweka kuogelea kwenye masomo ya michezo, vizuri, ila shule ya kando ya ziwa isiyo na bwawa itaanza na nini kama si ziwa lenyewe, na mazungumzo mapya kulihusu?

Dalili za mazungumzo hayo zipo. Yvonne Owuor, katika The Dragonfly Sea ya 2019, ametupa Ayaana, msichana wa Pate anayecheza na bahari bila kuomba ruhusa. Hiyo ni Pwani. Mwaka 2024 Rebecca Achieng Ajulu-Bushell, ambaye baba yake ni Mkenya, alitoa kumbukumbu zake, These Heavy Black Bones. Aliogelea mtindo wa kifua, kwanza kwa Kenya, kisha kwa Uingereza kuanzia 2010, na akaacha kabla ya Olimpiki ya London. Jina la kitabu linaikabili ile porojo ya kale kwamba mifupa ya mtu mweusi ni mizito mno kuelea. Napenda kwamba ni kitabu cha mtu aliyeacha. Kwa kawaida kumbukumbu za michezo huishia kwenye jukwaa la medali.

Hata bingwa mkubwa kabisa wa chali kutoka bara letu anasomeka vizuri zaidi nje ya jukwaa. Kirsty Coventry wa Zimbabwe, ambaye tangu 2025 ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 katika nusu fainali ya Beijing 2008, sekunde 58.77. Kwenye fainali akapata fedha, nyuma ya Natalie Coughlin. Alikuwa na kasi kuliko binadamu yeyote siku moja mapema mno. Hiyo ni hadithi fupi tayari, inangoja mwandishi.

Los Angeles 2028 kutakuwa na mita 50 chali kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki. Rekodi ya wanawake ni sekunde 26.86, ya Kaylee McKeown wa Australia, na ni muda usiotosha hata kusoma aya hii. Sijui kama kutakuwa na Mkenya kwenye mchujo. Akiwepo, asiachiwe ukurasa wa matokeo peke yake. Na kabla ya hapo kuna kazi ambayo haihitaji tiketi ya ndege. Mtu aandike hadithi ya msichana wa Muhuru aliyeweka mtungi wake juu ya jiwe, akaangalia huku na huku, akaingia majini, akalala chali. Asikutane na mnyama. Asiokolewe na mtu. Atazame mawingu kidogo, kisha atoke, ajaze maji, aende nyumbani akapike.